Nyimbo Zangu ni za Nani?

Mwezi wa nne mteja alichelewa kunilipa, nami nikachelewa kulipia apu ya muziki. Nyimbo nilizokuwa nimeweka kwa simu kwa miaka mitatu zote zikageuka kijivu. Majina yapo, sauti hakuna. Usiku huohuo nikaanza kutafuta seva ya muziki ya nyumbani.

Seva yenyewe si kitu cha ajabu. Ni kompyuta ndogo inayokaa kando ya ruta ya WiFi, imeunganishwa na diski yenye nyimbo, nayo inazipeleka kwa spika au simu yoyote ndani ya nyumba. Raspberry Pi inatosha, na stima inakula kidogo sana. Kazi ni kuchagua programu. Roon inasifiwa lakini unailipia, na mimi nilikuwa natoroka kulipishwa. Jellyfin na Navidrome ni za bure. Nikaishia kwa Lyrion, kwa sababu historia yake ilinibamba: ilianza kama programu ya Squeezebox, vifaa ambavyo Logitech iliachana navyo mwaka wa 2012. Kampuni ikasonga, lakini msimbo ulikuwa wazi kwa kila mtu, watumiaji wakaendelea kuutunza wenyewe. Mwenye kifaa cha zamani bado anasikiza.

Basi nikajiambia nimepata kipimo: kitu ni chako kama hakuna mtu wa kukuzimia. Halafu nikachomeka flashi.

Ndani mna nyimbo 400 hivi. Jamaa wa duka la muvi alinijazia kwa soo moja nikiwa kidato cha tatu. Hakuna msanii hata mmoja aliyeona shilingi. Kwa kipimo changu, hizi ndizo zangu kabisa, na zile za apu, ambazo mwenye wimbo angalau hupata senti kadhaa, si zangu. Kipimo kinachompa mwizi hati ya kumiliki kina shida mahali. (Chuo nilitoka mwaka wa pili, kwa hivyo usinidai mwanafalsafa wa kuniunga mkono.)

Nikaamua nianze na kitu safi: kanda za marehemu baba. Kanda haina njia ya mkato. Unavuta waya kutoka redio kaseti hadi laptopu, unafungua Audacity, unabonyeza kurekodi, na kanda ya dakika 60 inakula dakika 60. Nilikaa nazo jioni tatu. Nyingi ni Les Wanyika na Super Mazembe, na karibu zote hazina mwanzo. Baba alizinasa redioni. Hadi mtangazaji anyamaze na yeye abonyeze, maneno ya kwanza yameshapita.

Kumbe mzee naye hakununua.

Nilitafuta tofauti kati yetu kwa bidii, nakiri, kama wakili aliyelipwa. Yeye alikesha akingojea wimbo, mimi nilitoa soo nikaenda zangu. Lakini kukesha hakumlipi mpiga gitaa. Tofauti ninayoweza kuitetea ni ndogo: kanda zile, na mkato wake, na kikohozi chake upande wa pili, hazipatikani popote pengine. Za flashi ziko kila mahali, na wengi walioziimba wako hai, wanauza. Kwa hivyo flashi sikuipakia. Nanunua moja moja faili za FLAC, kutoka kwa msanii mwenyewe pale anapouza. Mpaka sasa ni albamu mbili, kwenye diski ya terabaiti moja inayoweza kubeba kama 3,000. Cheka tu.

Jumapili mama alikuja. Nikawasha spika akiwa anachambua sukuma.

"Hii nayo unalipia?"

"Hapana, mama. Ni kanda za baba."

Wimbo ukaanza katikati ya neno. Hakuuliza mwanzo umeenda wapi. Alidakia palepale, sukuma mkononi, akaendelea nao.