Bao, Gololi na Mwili Mpya

Mlali, chini ya Uluguru, bao linaweza kuchezwa juu ya ubao wa mninga uliochongwa kwa ustadi au katika vishimo vilivyochimbwa ardhini, na hakuna mchezaji atakayesema kwamba hiyo ni michezo miwili. Mashimo ni 32, kete ni 64. Komwe zikikosekana, kokoto zinatosha. Aliyefungwa kwenye ubao hawezi kuusingizia mti, na aliyeshinda kwenye udongo ameshinda kweli.

Je, kila kitu kinaweza kuhama mwili namna hiyo kikabaki kilekile? Wanafalsafa na wanateolojia wamelibeba swali hili kwa karne nyingi, kwa kuwa ndani yake limo swali la ufufuo. Ushahidi mmoja wa kuutazama umo katika mchezo wa kompyuta ambao Watanzania wengi waliwahi kuucheza.

Mwaka 2001 Microsoft ilitoa Windows XP, mfumo endeshi ulioenea katika ofisi, shule na intaneti kafe za nchi hii. Ndani yake ulikuwamo mchezo wa pinboli, Space Cadet: gololi ya chuma inarushwa kwa springi, inagonga vizuizi, na mchezaji anaipiga kwa vibao viwili ili isitumbukie. Ulitokana na Full Tilt! Pinball ya mwaka 1995, na Dave Plummer, mhandisi wa Microsoft, ndiye aliyeuhamishia kwenye Windows NT, mfumo uliokusudiwa kufanya kazi kwenye prosesa za aina mbalimbali.

Safari hiyo haikuwa nyepesi. Mashine zilipozidi kuwa na kasi, mchezo ulimeza nguvu zote za prosesa kwa kuchora picha bila kupumzika, hadi mhandisi mwenzake, Raymond Chen, alipouwekea kikomo cha fremu 100 kwa sekunde. Zito zaidi lilitokea ulipopelekwa kwenye mashine za biti 64. Chen alisimulia mwaka 2012 kwamba gololi ilianza kupenya vitu kama mzuka: ilifika kwenye springi, ikazama polepole, ikaipita na kutokea chini ya meza. Walishuku hitilafu ndogo katika ukadiriaji wa desimali. Kwa simulizi yake, hawakuwa na siku za kuisaka, wakauacha mchezo. Windows Vista ikatoka bila pinboli.

Hakuna aliyekuwa amebadilisha sheria za mchezo. Kilichobadilika ni mwili unaozitekeleza. Mahali ilipo gololi huandikwa kwa desimali, na kila mashine ina namna yake ya kuzikata: prosesa za zamani za Intel ziliweza kufanya hesabu hizo ndani kwa biti 80, ilhali njia iliyozoeleka baadaye hutumia biti 64. Tofauti iko mbali mno nyuma ya nukta, lakini kila gololi inapogonga kizuizi cha mviringo tofauti hiyo hukua. Mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz aliliona jambo la jinsi hii huko Marekani mwaka 1961. Katika hesabu zake za hali ya hewa aliingiza 0.506 badala ya 0.506127, na baada ya muda kompyuta ikamchorea hali ya hewa nyingine kabisa.

Bao halina udhaifu huo. Shimoni mna kete tatu au nne, hamna kete tatu na punje. Ndiyo maana mchezo mzima, kuanzia hatua ya namua hadi ya mtaji, unahamishika bila kupoteza chochote.

Wapo leo wanaoamini kwamba akili ya mtu inaweza kunakiliwa kwenye kompyuta, mtu huyo akaendelea kuishi baada ya maziko. Imani hiyo inamchukulia binadamu kuwa bao. Mambo yalivyo yanamweka karibu zaidi na gololi. Hasira yake imo katika mapigo ya moyo, uamuzi wake hubadilika kwa njaa na usingizi, na kumbukumbu zake zimo katika seli zilizo hai.

Kwa hiyo dini zinazoshikilia ufufuo wa mwili zinastahili kusikilizwa kwa makini zaidi. Paulo, alipowaandikia Wakorintho, hakuridhika na roho inayoelea bila mwili. Alizungumzia mwili unaopandwa na mwili unaoinuka. Sura ya 75 ya Kurani inasisitiza kwamba Mungu anaweza kuzirudisha hata ncha za vidole, yaani hadi vipande vidogo kabisa vya mtu. Huko hakuna nakala ya kanuni tu. Kuna Muumba anayejua kila tarakimu iliyo nyuma ya nukta.

Waluguru, wenyeji wa Uluguru, nao wanajua kutenganisha cheo na mtu. Huko Kinole, mrithi wa chifu Kingalu hupokea jina na wajibu wa aliyemtangulia, na cheo kinaendelea. Aliyefariki hata hivyo huzikwa na kuliliwa. Tofauti hiyo inahitajika sasa, kwa kuwa zimeshakuja programu zinazoiga sauti na maneno ya marehemu. Familia inaweza kufarijika kuisikia sauti ya baba ikitoka kwenye simu, na hakuna sababu ya kuwanyima. Ila mtoto anayeuliza kama huyo ni baba anapaswa kujibiwa kwamba siye, na anayeuza programu hiyo asiruhusiwe kumwambia vinginevyo.