Sala ya Kabla ya Upanga

Yohana 17:15–23, 18:10

Yesu anamaliza kuwaombea wanafunzi wake umoja katika sura ya 17. Geuza ukurasa: kufikia mstari wa kumi wa sura ya 18, Petro ameshachomoa upanga na kumkata Malko sikio. Yuda naye aliondoka mezani mapema, usiku uleule. Watu wa kundi hilo ndio walioombewa, na mwombaji aliwajua vizuri.

Mji wetu wa Toronto uliwahi kuuchukua kwa uzito mstari wa 21 wa sala hiyo, "wote wawe na umoja". Juni 10, 1925, maelfu ya watu walijaa ukumbi wa Mutual Street Arena, na Wamethodisti, Wakongregationali na Wapresbiteri walio wengi wakawa kanisa moja, United Church of Canada. Maneno ya mstari huo yamo kwenye nembo yake, kwa Kilatini. Lakini karibu theluthi moja ya Wapresbiteri walikataa. Kura zilipigwa usharika kwa usharika, na watu wakagombania majengo. Kanisa la Metropolitan la Queen Street liliingia, St. Andrew's la King Street likabaki la Kipresbiteri hadi leo, na kutoka moja hadi nyingine unafika kwa miguu. Siwalaumu waliokataa. Kura huunganisha makanisa. Mioyo ni shughuli nyingine.

Katika ibada zetu za Kiswahili, kinachotugawa leo si madhehebu. Ameketi Mkenya asiyesahau Juni 25, 2024, vijana walipoingia Bungeni Nairobi na wengine wakapigwa risasi. Mbele yake yuko Mtanzania asiyependa kuulizwa habari za uchaguzi wa Oktoba 29, 2025. Upande wa pili kuna mama wa Goma, mji wa Kongo ulioangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na safu hiyohiyo ameketi Mnyarwanda. Dawa tuliyoizoea ni kusema siasa ziachwe mlangoni. Ujumbe ukiwa mkali kwenye kundi la WhatsApp, unafutwa, kisha tunatumiana picha za maua na "Mbarikiwe".

Huo ni ukimya, tusiuite umoja. Yesu hakuomba tuondolewe duniani. Katika mstari wa 17 anaomba tutakaswe kwa kweli, na ombi la umoja la mstari wa 21 linakuja baada ya hilo. Anayemnyamazisha mama wa Goma asiwataje wafu wake, eti ibada isichafuke, ameuruka mstari wa 17.

Maaskofu Wakatoliki wa Kongo na viongozi wa Kanisa la Kristo Kongo, la Waprotestanti, hawakuuruka. Februari 2025, baada ya kuonana na Rais Tshisekedi, walifunga safari pamoja hadi Goma kuzungumza na Corneille Nangaa, kiongozi wa waasi, kisha wakaenda Kigali kwa Rais Kagame. Wapo waliowashutumu kwa kukaa na adui. Vita havikukoma, lakini kila upande ulifikiwa na ujumbe mmoja wa makanisa mawili.

Kwetu tungeanzia kwenye maombezi ya Jumapili. "Tunaiombea Afrika amani" ni sala isiyomgharimu mtu. Mnyarwanda aiombee Goma kwa jina, na mama wa Goma, akiweza, aiombee Kigali. Akishindwa asilazimishwe, mwingine aombe kwa niaba yake, na kiti chake kiendelee kuwa chake.