Jumatano: Maji ya Mzembe

Soma Wagalatia 6:2, 5. Je, mafungu haya mawili yanapingana?

Hapa Digodigo maji ya chemchemi hufika mashambani kwa mifereji, kwa zamu. Lakini ukishuka kwa miguu kuelekea Ziwa Natron, maji ni yale uliyobeba. Jua ni kali, na ziwa lenyewe ni la magadi. Maji yake hayanyweki. Njiani unamkuta mtu ameketi, dumu lake tupu. Hakubeba ya kutosha. Yako yamebaki nusu. Je, umpe?

Katika Kigiriki Paulo alitumia maneno mawili. La fungu la 5 ni mzigo ambao kila msafiri hubeba. La fungu la 2 ni uzito unaomlemea mtu. Kujaza dumu kabla ya safari ni wajibu wa kila mmoja, asije akanywa sehemu ya mwenzake. Ila kiu ikishamwangusha mtu, mzigo huo si wake peke yake tena. Uzembe wake tutauzungumza, lakini baada ya yeye kunywa.

Kristo naye hakungoja tustahili (Warumi 5:8).

Jadili: Ni nani katika kanisa lenu ananyimwa msaada kwa sababu kosa ni lake mwenyewe?