Je, Jirani Asiyejua Amekubali?

Mtu atakaye hati ya shamba, je, yampasa kuwaambia jirani zake kabla hajaingia ofisini? Wengi hujibu: Sheria ndiyo iamuayo, nikitimiza yaliyoandikwa, sina deni kwa mtu. Jibu hili lafaa lipimwe, hasa kwetu Ituri, ambako deni la namna hiyo limekwisha kulipwa kwa damu.

Kwanza tutazame sheria yenyewe. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali, nayo Serikali imgawie mwombaji haki ya kuitumia. Lakini kwa mashamba ya vijijini iliamuru uchunguzi ufanywe kwanza: eneo lipimwe, iandikwe ni watu gani wakaao pale na kazi zao, nao wenye malalamiko wasikilizwe. Tena iliamuru kwamba cheti kikiisha kutolewa, baada ya miaka miwili hakiwezi kupingwa. Kanuni hiyo ina maana, kwa kuwa mashauri yasiyo na mwisho hayamwachi mtu ajenge wala apande. Lakini mwaona mara moja, ndugu wasomaji, kwamba haki yote ya jirani yasimama juu ya jambo moja: ajue.

Asipojua je? Tumfikiri mkulima wa Kpandroma. Karatasi zimeandikwa Kifaransa, nazo zimo ofisini, mbali na shamba lake. Miaka miwili yapita, yeye apanda mihogo na maharagwe kama kawaida. Hasemi neno, maana hakusikia neno. Siku aonyeshwapo cheti, aambiwa: Ulinyamaza, basi ulikubali. Je, kunyamaza kwa asiyeulizwa ni kukubali? Sivyo. Amekubali yule tu aliyeweza kukataa.

Matunda yake twayajua. Mwezi wa Juni 1999, katika Walendu-Pitsi, teritwari ya Djugu, ugomvi juu ya mashamba makubwa ya konsesyo uliwasha moto. Wakulima walidai kwamba mipaka ilikuwa ikipanuliwa kwa siri katika vitabu vya ofisi. Vita vikaenea hata Bunia. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba hadi mwaka 2003 watu zaidi ya 50,000 walikufa. Hatusemi kwamba mipaka ilikuwa sababu ya pekee: palikuwa na majeshi ya kigeni, dhahabu, silaha, na wakubwa wenye tamaa. Lakini hao walikuta kuni zimekwisha kukauka.

Mwingine atasema: Nikimwambia jirani, atanizuia kwa wivu. Huenda. Lakini kuarifu si kuomba ruhusa. Jirani hana mamlaka ya kukunyima kilicho chako. Ana haki ya kusema: Hapa ndipo mpaka, hapa yapita njia ya kwenda mtoni, hapa tumezika wazee wetu. Akisema uongo, wachunguzi wapo, na mashahidi wapo. Na kama neno lake la kweli laweza kuliangusha ombi lako zima, yafaa ujiulize ombi hilo lilikuwa la namna gani.

Jirani naye ana wajibu. Aliyearifiwa aseme mapema, aseme kweli, wala asigeuze haki yake kuwa biashara ya kudai bia na mbuzi. Tena asikae kimya leo ili apige kelele nyumba ikiisha kuezekwa.

Mjini ni vivyo hivyo. Katika Mudzi-Pela ama Nyakasanza, anayetaka kupimisha parseli yake aanze kwa kupiga hodi: «Ndugu, keshokutwa mpimaji atakuja, njoo tutembee mpakani pamoja.» Maneno hayo hayadai muhuri wala malipo. Yasemwe kabla jiwe la mpaka halijachimbiwa, maana jirani aambiwaye baadaye haulizwi tena neno, asomewa hukumu.

Basi, cheti chaonyesha nani ni mwenye shamba. Kwamba amelipata pasipo kumwonea mtu, hilo jirani ndiye awezaye kulishuhudia.