Maleba na Deni la Wafu: Tafakuri juu ya Ommegang

Kila kiangazi mji wa Brussels huigiza, katika uwanja wa Grand-Place, mapokezi ya mwaka 1549 aliyofanyiwa Kaizari Charles wa Tano pamoja na mwanawe Philip. Maandamano hayo, yaitwayo Ommegang, yalihuishwa mwaka 1930. Mtazamaji huona farasi, bendera na mahariri. Baadhi ya waigizaji ni wazawa wa koo zilezile za kikabaila wanazoziigiza. Kwamba maleba yanapendeza, hilo halina ubishi.

Lakini je, avaaye nguo za marehemu anawiwa nini naye? Katika uwanja huohuo, tarehe 5 Juni 1568, Philip yuleyule akiwa mfalme, makabaila Egmont na Horn walikatwa vichwa. Onyesho hukomea kwenye shangwe. Yamkini mtetezi atasema kuwa hakuna sanaa isiyochagua, na kwamba sherehe si mahakama. Hoja hiyo ina uzito. Ila kuchagua nako ni tendo, na mtendaji huulizwa.

Ghent walichagua vingine. Mwaka 1540 Charles aliwaadhibu raia wa mji huo, walioasi kodi, kwa kuwatembeza wawakilishi wao na vitanzi shingoni. Hadi leo kipo chama cha wenyeji ambacho kila Julai huandamana kwa kanzu nyeupe na vitanzi, tena kwa majivuno (na kwa mzaha pia, jambo ambalo mhakiki asilipuuze). Huko vazi la fedheha limekuwa ushahidi, na msimulizi ni yule aliyeaibishwa. Brussels bado anasimulia aliyepanda farasi.