Jani Lililokunjwa na Jani Lililonyauka

Mtu apitaye chini ya mkwaju saa mbili ya usiku, akiinua macho, ataona majani yake madogo yameungana mawili mawili kama viganja vya mikono. Na alfajiri hufunguka tena. Watu husema mti umelala. Je, umelala kweli?

Wengi hudhani kwamba jani latii jua tu. Lakini mwaka 1729 Mfaransa mmoja, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliuweka gizani mmea wa namna ya kifauongo, kile kijifungacho ukikigusa. Nao uliendelea kufungua majani mchana na kuyafunga usiku, ingawa mchana wenyewe haukuuona. Basi ndani ya mmea mna saa yake. Charles Darwin aliandika mwaka 1880 kwamba jani lililokunjwa hutunza joto. Alizuia mengine kwa pini yasikunjike, yakaumizwa zaidi na baridi. Lakini Dar es Salaam haina baridi ya kuua jani, na mkwaju hujikunja vilevile. Wataalamu hawajapatana bado.

Neno moja ni hakika, nalo ndilo lililonishika. Mahali jani lishikamanapo na kikonyo chake pana kifundo kidogo. Mti husukuma maji kutoka upande mmoja wa kifundo hicho hata upande wa pili, ndipo jani hujikunja. Hiyo ni kazi. Nenda sasa Kariakoo wakati wa adhuhuri, ukatazame fungu la mchicha uliochumwa jana. Majani yake nayo yamelala, lakini kwa kukosa maji. Kwa mbali mambo haya mawili yafanana.

Tangu mwaka 2025 biashara Kariakoo imefunguliwa rasmi usiku na mchana. Sina neno juu ya kukesha kwenyewe; mlinzi na muuguzi hukesha, nasi twawashukuru. Lakini usiku mmoja nalimwona mchukuzi amelala juu ya mkokoteni wake katikati ya taa na kelele, mkono umening'inia. Mtu mmoja akasema, "Mwacheni, apumzika." Nikanyamaza, nami najilaumu. Yule alikuwa amenyauka. Maana kupumzika kwataka nguvu iliyosalia. Aliyeimaliza yote hajikunji, huanguka. Ni nani basi atakayeulizwa habari ya usingizi ule: yeye atafutaye chakula cha watoto wake, au sisi tutakao mzigo ufike kabla ya mapambazuko? Katika magunia yaliyokuwa yakimngoja, mawili yalikuwa yangu.