Fedha Isiyo na Mkubwa: Nani Huamua Siku ya Shida?

Wanaoitetea Bitcoin husema kuwa ni fedha isiyo na mkubwa. Haina gavana wala makao makuu, na serikali ikitaka kubisha hodi haijui ibishe mlango upi. Daftari la miamala, yaani blokucheni, limenakiliwa katika maelfu ya kompyuta duniani, na kila moja hukagua yenyewe kama kanuni zimefuatwa. Katika waraka wake wa mwaka 2008, Satoshi Nakamoto alitaka watu waweze kulipana bila kumtegemea mtu wa kati. Swali ninalokusudia kulijadili ni la kimaadili zaidi kuliko la kiufundi: je, ni kweli mkubwa hayupo? Na kama yupo ila hatajwi, anawajibika kwa nani?

Neno ugatuzi hapa hubeba mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: kutawanyika kwa mitambo na kutawanyika kwa maamuzi. Kwetu Kongo tunao mfano wa hilo la kwanza. Mwaka 2020 Hifadhi ya Taifa ya Virunga ilianza kuchimba Bitcoin huko Luviro, Kivu Kaskazini, kwa umeme wa maji. Kompyuta zimepangwa ndani ya makontena, na mapato husaidia kuiendesha hifadhi. Anayetazama ramani atafurahi kwamba mtandao umefika hata kwetu. Ni kweli umefika. Lakini kompyuta kuwepo Luviro hakumaanishi kwamba Luviro ina sauti.

Mchimbaji mdogo akichimba peke yake anaweza kungoja miaka bila kupata kitu, kwa kuwa zawadi humwendea yule mmoja aliyekamilisha bloku. Kwa hiyo wachimbaji huunganisha nguvu katika vikundi na kugawana mapato, na kwa kawaida msimamizi wa kikundi ndiye anayepanga ni miamala ipi iingie katika bloku. Katika miaka ya karibuni vikundi viwili tu, Foundry USA na AntPool, vimekuwa vikitoa karibu nusu ya bloku zote za Bitcoin, na wakati mwingine zaidi. Mwaka 2014 kikundi kimoja, GHash.IO, kilivuka nusu peke yake kwa muda mfupi; kwa nguvu kiasi hicho mwenye nia mbaya angeweza kuitumia sarafu ileile mara mbili. Kelele zilipozidi, kikaahidi hadharani kutovuka asilimia 40. Kikaahidi! Mfumo uliobuniwa ili mtu asihitaji ahadi za mwenzake ukawa umeegemea ahadi. (Mchimbaji anaweza kuhama kikundi kwa dakika chache, nakubali. Ila anayehama huhamia kwa msimamizi mwingine.)

Tukio linalonifikirisha zaidi ni la Machi 2013. Toleo jipya la programu ya Bitcoin, 0.8, lilipokea bloku moja kubwa ambayo toleo la zamani liliikataa. Ghafla daftari moja likawa mawili, na mfanyabiashara aliyelipwa usiku ule hakuweza kujua malipo yake yameandikwa katika lipi. Kwa kawaida tawi lenye kazi nyingi zaidi ndilo hufuatwa, na hilo lilikuwa la toleo jipya. Watayarishaji wachache wa programu wakajadiliana kwa maandishi mtandaoni, wakaona ni salama zaidi kurudi nyuma, wakawaomba wasimamizi wa vikundi warejee toleo la zamani. Msimamizi wa BTC Guild, kikundi kikubwa wakati huo, alikubali ingawa alijua kikundi chake kitapoteza zawadi za bloku kilizokwisha kuchimba. Baada ya saa kadhaa tawi la zamani lililipita jipya na daftari likawa moja tena.

Kwa mtazamo wangu watu hao walitenda vyema, tena kwa kujinyima. Hata hivyo, kilichookoa fedha usiku ule kilikuwa busara ya watu wa kuhesabika kwa vidole, waliofahamiana na waliokuwa macho. Je, wangekuwa watu wa namna nyingine?

Ethereum ilikutana na swali hilo kwa ukali zaidi mwaka 2016. Mfuko ulioitwa The DAO, ulioendeshwa na programu badala ya wakurugenzi, ulikuwa umekusanya etha zenye thamani ya dola milioni 150 hivi. Tarehe 17 Juni mtu asiyejulikana alitumia kasoro ya programu akachota etha zipatazo milioni 3.6. Masharti ya mfuko wenyewe yalisema kwamba programu ndiyo mkataba. Basi alikuwa mwizi, au msomaji makini wa mkataba? Wenzangu wengi hujibu upesi kuwa ni mwizi, nami naafiki: kukuta mlango haujafungwa si kupewa nyumba. Lakini ugumu unaanzia hapo, maana lazima awepo wa kuzirudisha. Ilipigwa kura iliyohesabu sarafu badala ya vichwa, na sehemu kubwa ya sarafu haikushiriki. Tarehe 20 Julai kanuni za mtandao zikabadilishwa na fedha zikarudi kwa wenyewe.

Watetezi husema hakuna aliyelazimishwa: waliokataa walibaki na daftari la zamani, nalo likaitwa Ethereum Classic. Hoja hii ni nzito, kwani raia aliyeshindwa katika uchaguzi habaki na nchi ya jana. Ila jina, taasisi na wataalamu walio wengi vilikwenda upande mmoja, na aliyebaki alibaki na haki tupu.

Wachache kuamua si jambo linalonitisha. Hata katika likelemba anayeshika fedha ni mmoja, lakini tunamjua, tunajua na nyumba yake. Gavana wa benki kuu anaweza kuitwa bungeni. Mtayarishaji wa programu hujibu kwamba yeye huandika tu, hamlazimishi mtu kuitumia. Msimamizi wa kikundi atakuambia wachimbaji wako huru kuhama. Mchimbaji naye anageuza umeme kuwa fedha, basi. Kila mmoja wao anasema kweli, na aliyepoteza fedha anarudi nyumbani bila kupata wa kumshtaki.

Na wale waliobaki na daftari la zamani kwa sababu ya msimamo? Mtandao wao ulikuwa mdogo, na nguvu ya kompyuta ya kuuzidi iliweza kukodishwa. Mwezi wa Agosti 2020 pekee daftari lao liliandikwa upya na washambuliaji mara tatu, na safari hii hapakuwa na kura.